Tuta Lile Lilikuwa Njia ya Gari Moshi



Katika kazi yetu ya kuzungukia madarasa ya watu wazima huku Kusini, ipo njia moja tuliyoizoea sana. Ni njia inayopita juu ya tuta refu la udongo, katikati ya mikorosho. Wakati wa mvua, mabonde yakijaa maji na barabara ikawa tope tupu, tuta lile hubaki kavu. Mwaka hadi mwaka tulipita hapo na baiskeli zetu, tukamshukuru Mungu, wala hatukujiuliza nani alilijenga. Tulidhani ni kilima tu.

Siku moja tulikuwa na somo la kuandika habari za kijiji. Tulimwomba kila mwanakisomo ataje kitu kimoja cha zamani kilichobaki kijijini. Mmoja akataja mbuyu. Mwingine akataja kisima. Bibi mmoja aliyekaa nyuma akasema:

"Mwalimu, wewe kila wiki unapita juu ya reli. Mbona hujaitaja?"

Darasa likacheka. Sisi nasi tukacheka, tukidhani bibi anatutania. Tukamwuliza, "Reli iko wapi, bibi?"

"Reli yenyewe walishaichukua, mwanangu. Lakini kitanda chake si kile unachopitia na baiskeli?"

Basi siku ile mwalimu akawa mwanafunzi. Tuliweka chaki chini, tukamwomba bibi aje mbele atufundishe. Haya mnayoyasoma leo mengine tumeyapata kwake, na mengine tumeyapata vitabuni baada ya yeye kutuzindua.

RELI YA KUSINI ILITOKA WAPI?

Vita Kuu ya Pili ilikwisha mwaka 1945. Uingereza ilishinda vita, lakini watu wake walikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Siagi ilikuwa ya kugawiwa kwa vipimo. Sabuni nayo ilikuwa shida, maana sabuni pia hutengenezwa kwa mafuta. Wakubwa wa huko wakawaza: karanga zina mafuta mengi, na Tanganyika ni nchi kubwa. Kwa nini tusilime karanga huko?

Mwaka 1946 walitumwa wataalamu kuja kuitazama nchi. Waliporudi walitoa mpango wa ajabu. Zilimwe ekari zaidi ya milioni 3 katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, na sehemu kubwa kuliko zote iwe huku kwetu Kusini. Mahali pengine palipochaguliwa Tanganyika ni Kongwa na Urambo. Huku Kusini mashamba makubwa yalipangwa kuwa Nachingwea.

Lakini Nachingwea iko mbali na bahari. Karanga za ekari nyingi hivyo zingefikaje melini? Barabara zilikuwa mbaya. Ndiyo maana wakaamua kujenga reli, na mwisho wake baharini wakajenga bandari mpya. Bandari ya Lindi ilikuwa na kina kidogo kwa meli kubwa, kwa hiyo wakachagua Mtwara. Ghuba ya Mtwara ina kina kirefu, meli kubwa huweza kusogea mpaka karibu na nchi kavu.

Kazi ikaanza. Kwanza reli ilianzia Mkwaya, kwenye mkono wa bahari karibu na Lindi, ikapita Ruo, na ilipofika mwaka 1949 ikawa inafika Nachingwea. Baadaye ikajengwa njia ya kutoka Mtwara kuungana nayo. Bandari ya Mtwara na reli yake vilikamilika mwaka 1954. Kutoka Mtwara hadi Nachingwea ilikuwa safari ya zaidi ya kilometa 200. Baadaye tena likajengwa tawi la kwenda Masasi.

KARANGA ZILIKUWA WAPI?

Sasa, ndugu msomaji, tazama miaka hiyo vizuri. Reli ya Mtwara imekamilika mwaka 1954. Je, mpango wa karanga ulikuwa wapi mwaka huo?

Ulikwisha kufa! Mwezi Januari mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango ule umeshindwa. Fedha zilizopotea zilikuwa kiasi cha paundi milioni 36. Yaani bandari na reli vilimalizika miaka 3 baada ya mzigo wake kuzikwa. Ni kama mtu aliyejenga ghala kubwa la mahindi, na siku ya kuezeka paa anaambiwa kwamba shamba halikuota.

Mpango ulishindwa kwa nini? Sababu ni nyingi, lakini kubwa ni hizi:

1. Haraka. Hawakulima kwanza shamba dogo la majaribio wakaona mavuno. Walianza moja kwa moja na maelfu ya ekari. Katika mwaka wa kwanza walitaka kulima ekari 150,000. Walizoweza kulima na kupanda ni ekari 7,500 tu, huko Kongwa.

2. Mashine. Walileta matrekta mengi yaliyokwisha kutumika vitani na mahali pengine. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Pori likayashinda. Mizizi ilivunja majembe, na vipuri vilikuwa mbali, ng'ambo ya bahari.

3. Udongo na mvua. Huko Kongwa udongo wakati wa kiangazi ulikauka ukawa mgumu kama tofali. Karanga huzaa ndani ya udongo. Udongo ukishakuwa tofali, utazing'oaje? Na mvua nazo hazikunyesha kama zilivyoandikwa kwenye makaratasi.

4. Hawakuwauliza wakulima. Wazee wa Kusini walilima karanga kabla ya matrekta kuja, na wanalima mpaka leo. Wanajua udongo upi unafaa, na mvua ikichelewa mtu afanye nini. Elimu hiyo ilikuwapo pale pale, bure.

Hatusemi hivi ili kuwacheka wenzetu waliokwisha kufa. Tunasema ili tujifunze. Hata sisi wenyewe, siku zingine tunaanza miradi kwa mtindo huo huo.

RELI ILIKUFAJE?

Baada ya karanga kushindwa, reli iliendelea kwa miaka kadhaa. Ilichukua abiria na mazao kidogo ya wakulima. Lakini reli ni chombo cha mizigo mikubwa. Tuchukue mfano ulio karibu nasi.

Tuseme ushirika wenu una mashine ya kusaga. Kila siku mashine inahitaji shilingi 20,000 za mafuta, mshahara wa mwendeshaji na matengenezo. Lakini mahindi yanayoletwa kusagwa yanaleta shilingi 6,000 tu. Kila siku mnapoteza shilingi 14,000. Zidisha kwa siku 30. Ni shilingi 420,000 kwa mwezi! Mtaendelea mpaka lini?

Ndivyo ilivyokuwa Reli ya Kusini. Gari moshi lipite na mabehewa 20 au lipite na mabehewa 2, dereva ni yule yule, stesheni ni zile zile, na watu wa kutengeneza njia lazima walipwe. Tena malori yalianza kuchukua hata ile mizigo michache iliyokuwapo. Mwaka 1962 treni zilisimamishwa. Kisha reli ziking'olewa, na mataruma nayo yakachukuliwa. Likabaki tuta.

BIBI ALIYEHESABU MABEHEWA

Turudi kwa bibi yetu. Wakati ule alikuwa mtoto wa kike wa miaka kama 10. Hakwenda shule. Kaka zake walikwenda, yeye alibaki kusaidia nyumbani. Lakini siku ya treni hakuna aliyeweza kumzuia. Alichukua kapu la ndizi mbivu na mihogo ya kuchoma, akakimbilia stesheni kuuza.

Anasema walikuwa hawana saa, ila walikuwa na masikio. Mtoto mmoja alilala chini akaweka sikio juu ya chuma cha reli. Ikiwa treni inakuja, chuma kilivuma kabla mtu hajaona moshi wala kusikia honi. Mwalimu wa sayansi atakuambia kwamba sauti husafiri haraka zaidi katika chuma kuliko katika hewa. Watoto wale walilijua jambo hilo bila mwalimu.

(Tunawaonya watoto wa siku hizi: msijaribu mchezo huo kwenye reli yoyote inayotumika! Treni za sasa zina mwendo mkali, na dereva akikuona hawezi kusimama mara moja.)

Kisha moshi ulionekana juu ya miti. Halafu likatokea lenyewe, jeusi, linahema kama fahali. Bibi alipofika hapo aliigiza sauti yake darasani, na mabega yake yakawa yanakwenda mbele na nyuma. Wote tulicheka mpaka machozi.

Watoto walikuwa na mashindano. Kila mmoja alihesabu mabehewa yanavyopita. Aliyekosea alitoa ndizi moja. Bibi anasema: "Mimi kuhesabu sikufundishwa na mtu. Treni ndiyo iliyonifundisha. Nilijua kumi, nikajua ishirini. Treni ikizidi ishirini nilikuwa naanza tena moja, nashika kidole."

Walikuwa wakiyajua magari moshi yale kama mtu anavyowajua ng'ombe wake. Kila kichwa cha treni kilikuwa na namba ubavuni. Hawakuweza kuzisoma, lakini walizishika kwa macho, kama picha. Lingine walilitambua kwa honi yake. Watoto waliketi juu ya kichuguu, wakabishana ni lipi linakuja kabla halijatokea kwenye kona.

Wengine waliweka juu ya reli senti ile ya zamani yenye tundu katikati. Treni ikishapita, senti ilikuwa bapa kama jani, na tundu limezibana. Mtoto alipigwa nyumbani kwa kupoteza senti, lakini alitembea nayo kijijini kama nishani.

Tulimwuliza, "Bibi, uliwahi kuipanda?"

Akakaa kimya kidogo. "Hapana. Nilisema nitaipanda nikiwa mkubwa. Nilipokuwa mkubwa, haikuwapo."

GARI MOSHI LILIENDAJE?

Vijana wa siku hizi wamezoea magari ya dizeli, na sasa wanasikia habari za treni ya umeme. Wengi hawajui gari moshi la mvuke lilikwendaje. Jambo lenyewe si gumu.

Bandika sufuria ya maji jikoni, funika. Maji yakichemka sana, mfuniko huanza kuruka. Nani anaurusha? Ni mvuke. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo husukuma. Gari moshi ni sufuria kubwa ya chuma, iliyolazwa ubavu juu ya magurudumu. Ndani yake kuna moto na maji. Mvuke hauachwi utoke ovyo. Hupitishwa kwenye bomba hadi kwenye mtungi wa chuma, unakosukuma kipande cha chuma mbele na nyuma. Chuma hicho kimeunganishwa na magurudumu kwa mkono mrefu. Mkono ukienda mbele na nyuma, gurudumu linazunguka. Mvuke uliomaliza kazi hutolewa juu kwa bomba la moshi, na hiyo ndiyo sauti ya "chu, chu, chu" aliyoigiza bibi.

Ndiyo maana gari moshi lilikuwa na kiu. Kila baada ya safari fulani lilisimama kunywa maji kwenye tangi. Mahali palipokuwa na maji ndipo palipowekwa stesheni, na penye stesheni watu walihamia.

JINSI YA KUTAMBUA NJIA YA RELI ILIYOKUFA

Baada ya somo lile tulitoka na darasa zima kwenda kulitazama tuta. Haya ndiyo tuliyojifunza. Nawe unaweza kuyatafuta kama kwenu iliwahi kupita reli.

Kwanza, utulivu wa njia. Njia ya miguu hupanda mlima na kushuka kama mbuzi. Reli haiwezi. Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza, kwa hiyo treni haipendi mlima. Kwa kawaida, ukitembea hatua 100, njia isipande zaidi ya kimo cha hatua 2. Kwa hiyo penye bonde walijaza udongo, likawa tuta. Penye kilima walikata, ukawa mfereji mpana wenye kuta mbili. Ukiona tuta, halafu mkato, halafu tuta, na vyote vinafuata mstari mmoja, hiyo si kazi ya asili.

Pili, kona. Kona ya reli ni pana na ya polepole. Treni ndefu haiwezi kukata kona kama pikipiki.

Tatu, kokoto. Chini ya mataruma humwagwa mawe yaliyovunjwa, ili maji ya mvua yapite na njia isizame. Ukilima shamba lenye udongo mwekundu tupu, ghafla jembe likagonga kokoto nyingi zenye kingo kali, simama ufikiri.

Nne, makalvati na nguzo za madaraja. Tuta huziba mkondo wa maji, kwa hiyo wajenzi waliacha matundu ya zege au mawe ili maji yapite chini. Nguzo za daraja husimama mtoni hata kama daraja lenyewe lilikwisha kuondolewa.

Tano, miembe. Watu wakisubiri treni hula maembe na kutupa kokwa. Na wakubwa wa stesheni nao walipanda miti ya kivuli.

Sita, majina. Jina haling'olewi kwa nyundo. Nchini mwetu utasikia watu wakipaita mahali "Stesheni" au "Relini", na wala hakuna reli inayoonekana. Huko Nachingwea lipo jina la "Farm 17", lililotoka kwenye mashamba yale ya karanga. Baadaye, wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, wapigania uhuru wa FRELIMO walikuwa na kambi hapo. Mahali palipokusudiwa karanga pakazaa uhuru wa jirani zetu.

Saba, vyuma vilivyobaki majumbani. Hapa tulipigwa na mshangao wa pili. Nje ya darasa letu, kwenye mwembe, kimening'inizwa kipande cha chuma tunachokigonga kuwaita watu kwenye kisomo. Kwa miaka yote tuliita "kengele". Bibi akatwambia tukitazame kwa upande wa kichwa. Tukaona umbo kama herufi I kubwa: juu kichwa, katikati kiuno chembamba, chini mguu mpana. Kumbe ni kipande cha reli! Reli iliyomnyima safari ndiyo iliyokuwa ikimwita kuja kujifunza kusoma.

SIYO KUSINI PEKE YAKE

Reli zilizopotea ziko mahali pengi. Kisiwani Unguja, tangu zamani za Sultani Barghash, miaka ya 1880, palikuwa na njia ndogo ya reli ya kwenda jumba lake la Chukwani. Kisha mwaka 1905 ikaanza reli ya kutoka mjini hadi Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani. Ilikuwa na urefu wa kiasi cha kilometa 11. Ile Ngome Kongwe mnayoiona Forodhani ilitumika wakati mmoja kama karakana ya reli hiyo. Ilikufa magari na mabasi yalipoenea. Watu wengine husema jina la Bububu limetokana na sauti ya gari moshi, lakini jina hilo lilikuwapo kabla ya treni.

Huko Tanga, wakati wa Wajerumani, ilijengwa reli nyembamba ya kiasi cha kilometa 23 kutoka Tengeni kupanda kuelekea Amani, kwa ajili ya kutoa mbao msituni. Nayo haipo tena.

Lakini reli nyingine zililala tu, hazikufa. Njia ya kwenda Moshi na Arusha ilikaa miaka mingi bila treni, nyasi zikaota katikati. Kwa kuwa vyuma havikung'olewa, iliwezekana kuifufua. Treni ya abiria ilirudi Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020. Na mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma, juu ya reli mpya kabisa.

Upo pia mpango wa siku nyingi wa kujenga reli mpya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, pamoja na matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga penye makaa ya mawe na chuma. Ikijengwa, watoto wa Kusini watahesabu mabehewa tena. Lakini sisi tunaojua habari ya reli ya kwanza tutakuwa na swali la kuuliza mapema: mzigo uko wapi, na wenyeji wameulizwa?

TUNAPOTEZA NINI?

Yako mambo mawili yanayotutia uchungu.

La kwanza ni tuta lenyewe. Katika kijiji kimoja, ambacho hatutakitaja, watu walianza kuchimba udongo wa tuta kwa kufyatulia matofali. Wengine wakabomoa kalvati ili wapate mawe ya msingi wa nyumba. Hakuna aliyesema kitu, maana tuta "halina mwenyewe". Mvua kubwa zilipokuja, maji hayakupata tundu la kupitia. Yakajaa upande mmoja, yakalikata tuta. Wakina mama wa ng'ambo ya bonde wakawa hawana njia ya kufika zahanati mpaka mvua zilipokwisha. Mmoja alijifungulia njiani. Tunashukuru mtoto yu hai. Lakini je, mawe yale ya msingi yalikuwa na thamani hiyo?

La pili linatuhusu sisi wenyewe. Bibi alitwambia kwamba kijiji cha pili yupo mzee aliyefanya kazi kwenye genge la reli. Alishiriki kutandika mataruma, na mwaka ule wa mwisho alishiriki kuyang'oa. "Huyo ndiye anayejua yote," bibi alisema. "Anajua mawe yalichimbwa wapi, nani alikufa kwenye mkato, na mishahara ilikuwa shilingi ngapi."

Tukasema vizuri, tutakwenda. Lakini kulikuwa na mitihani ya kisomo. Halafu kukawa na msimu wa korosho. Tukasema tutakwenda baada ya mavuno. Tulipofika, tulikuta matanga yamekwisha. Mwanawe alitukaribisha vizuri, akatuonyesha nyundo ya mzee ya kupigilia misumari ya reli. Mpini ulikuwa umelainika kwa mikono yake. Tulimwuliza mzee alisimulia nini. Akajibu, "Alikuwa akisimulia sana jioni. Lakini sisi tulikuwa hatusikilizi."

Kosa hilo ni letu. Tulikuwa na kalamu, tulikuwa na karatasi, tulikuwa na baiskeli. Hatukuwa na haraka.

TUFANYE NINI?

Ndugu zetu mliohitimu kisomo, mara nyingi mnatuuliza: "Tumekwisha jua kusoma na kuandika. Sasa tuandike nini?" Jibu ni hili. Andikeni yale ambayo hayamo katika kitabu chochote. Vitabu vinasema paundi milioni 36. Havisemi ndizi moja ililipwa na nani aliyekosea kuhesabu mabehewa.

Tunapendekeza hatua hizi:

Chagueni katika kikundi chenu wazee watatu. Waendeeni wiki hii, msingoje mavuno. Mmoja aulize, mwingine aandike. Andikeni jina la mahali, kazi waliyofanya, na mambo waliyoyaona kwa macho yao. Mzee akisema "nilisikia", andikeni kwamba alisikia. Akisema "niliona", andikeni kwamba aliona. Msichanganye.

Tembeeni pamoja na vijana kulitazama tuta au magofu yaliyopo. Chora ramani ndogo, onyesha kalvati ziko wapi. Mkutano wa kijiji ukikaa, ombeni tuta linalotumika kama njia lilindwe, na matundu ya maji yazibuliwe kabla ya mvua.

Na wanunuzi wa vyuma chakavu wakija, msiuze kengele ya shule! Vyuma vya reli inayotumika navyo msiviguse kabisa. Kuking'oa kimoja ni kuua abiria.

Bibi yetu ameanza daftari lake. Mpaka sasa amejaza kurasa 4, kwa herufi kubwa kubwa. Wiki iliyopita alituonyesha ukurasa wa mwisho. Ameandika namba ya kichwa cha treni, ile aliyoishika kwa macho kama picha alipokuwa mtoto. Ameibeba kichwani miaka yote hiyo bila kujua inasomwaje. Sasa ameisoma mwenyewe, kwa sauti, mbele ya darasa.

MANENO YA KUJIFUNZA

Taruma (wingi: mataruma): kipande cha mti au chuma kinacholazwa chini ya reli ili kuishikilia.
Behewa: gari moja la abiria au mizigo linalovutwa na kichwa cha treni.
Mkato: mahali kilima kilipokatwa ili njia ipite.
Kalvati: tundu la kupitishia maji chini ya njia.
Genge: kikundi cha wafanyakazi wa kutengeneza njia ya reli.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mpango wa karanga ulitangazwa kushindwa mwaka gani? Bandari ya Mtwara ilikamilika mwaka gani? Tofauti ni miaka mingapi?
2. Kwa nini reli haiwezi kupanda mlima mkali?
3. Taja mradi mmoja wa kijijini kwenu ulioanzishwa bila majaribio. Matokeo yake yalikuwa nini?
4. Ni kitu gani kijijini kwenu ambacho watu hukitumia kila siku bila kujua nani alikijenga? Nani anaweza kuwaambia, na mtamwendea siku gani?